Kipimo cha Kingamwili Katika Kundi la Kondoo wa Maziwa: Namna ya Kuvifuatilia Virusi vya Maedi-Visna

Somo kwa wafugaji na wafanyakazi wa mashamba ya kondoo nchini Marekani

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaofanya kazi katika mashamba ya kondoo wa maziwa nchini Marekani, pamoja na familia zao. Katika majimbo kama Wisconsin na New York, kondoo wa aina ya East Friesian na Lacaune hukamuliwa kwa mashine, na maziwa yao hutengenezwa jibini na mtindi. Katika mashamba yanayofuatilia maambukizi, daktari wa mifugo hufika kwa nyakati maalumu kutoa damu ya kondoo. Baadaye orodha ya namba hurudi kutoka maabara, baadhi zikiwa na alama ya chanya na nyingine hasi. Orodha hiyo huamua kondoo yupi abaki, yupi atengwe na yupi aondolewe shambani. Asiyeelewa maana yake huweza kuingiwa na hofu isiyo na msingi, au huweza kuharibu kazi ya miaka kadhaa kwa kosa la siku moja.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:
- kueleza kingamwili ni nini, na kwa nini kuwapo kwake katika ugonjwa huu ni dalili ya maambukizi ya maisha;
- kutaja nyakati ambazo kipimo kimoja peke yake hakitoshi;
- kutambua kazi za shambani ambazo usahihi wa matokeo huzitegemea;
- kutofautisha ugonjwa wa kondoo na hatari zinazomhusu binadamu.

1. Ugonjwa wenyewe

Maedi-visna ni ugonjwa wa kondoo unaosababishwa na virusi vya kundi liitwalo lentivirusi, yaani virusi vya mwendo wa polepole. Marekani hujulikana zaidi kwa herufi OPP, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya nimonia ya kondoo inayozidi hatua kwa hatua. Mbuzi nao wana virusi vya jamaa hiyo hiyo, ambavyo huwaletea ugonjwa wa viungo na wa ubongo. Virusi hivi huweza kuvuka kutoka kwa kondoo kwenda kwa mbuzi na kutoka kwa mbuzi kuja kwa kondoo. Kwa hiyo shamba lenye wanyama wa aina zote mbili huwapima wote.

Kondoo aliyeambukizwa huweza kukaa miaka miwili au zaidi bila dalili yoyote, na wengine hawaonyeshi dalili mpaka mwisho wa maisha yao. Dalili zinapojitokeza, kondoo hukonda ilhali anakula, hupumua kwa shida anapotembezwa, au huvimba magoti. Kwa kondoo wa maziwa, hasara kubwa huonekana katika kiwele. Kiwele huwa kigumu pande zote mbili bila joto wala wekundu, na maziwa hupungua ingawa rangi yake ni ya kawaida. Wanakondoo wa mama wa namna hiyo hudhoofika kwa njaa. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu, wala hakuna chanjo.

Virusi hupita kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni dang'a na maziwa ambayo mwanakondoo hunyonya kwa mama yake. Ya pili ni pumzi na matone ya majimaji ya puani na mapafuni, hasa wakati wa baridi kali ambapo kundi zima hukaa bandani likiwa limebanana. Damu nayo huweza kuvibeba virusi, ndiyo maana sindano moja haitumiki kwa kondoo wawili.

2. Lililotokea Iceland

Majina maedi na visna yametoka katika lugha ya Iceland. La kwanza lina maana ya kuhema kwa shida, na la pili lina maana ya kunyauka. Mwaka 1933 nchi hiyo iliingiza kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani ili kuboresha mifugo yake. Kondoo hao walionekana wazima, wakagawanywa katika sehemu mbalimbali za nchi. Miaka kadhaa baadaye, kondoo wa wenyeji walianza kuhema kwa shida, kukonda na kufa kwa wingi. Ilipofahamika kwamba chanzo kilikuwa kondoo wale wa Karakul, virusi vilikuwa vimekwisha kuenea.

Wakati huo hapakuwa na kipimo cha damu cha kumtenga mgonjwa na mzima. Njia iliyobaki ilikuwa kuchinja kondoo wote wa eneo lililoathirika, wazima kwa wagonjwa, kisha kuleta wengine kutoka wilaya zisizo na ugonjwa. Mamia ya maelfu ya kondoo walichinjwa. Kisa cha mwisho kilitokea mwaka 1965, na nchi ikawa imeung'oa ugonjwa huo. Kutokana na taabu hiyo, mwanasayansi Björn Sigurðsson wa Iceland alitoa mwaka 1954 maelezo ya magonjwa aliyoyaita maambukizi ya polepole, ambayo hukaa mwilini miezi au miaka kabla ya kujitokeza.

Historia hii inaonyesha thamani ya kipimo cha kingamwili. Bila kipimo, mfugaji hana njia ya kuokoa kundi isipokuwa kulimaliza lote. Akiwa na kipimo, anaweza kumwondoa mmoja na kumbakiza mwingine.

3. Kingamwili husema nini

Mwili unapovamiwa na virusi, hutengeneza protini maalumu za kuvitambua na kuvikabili. Protini hizo ndizo kingamwili. Kila kingamwili hulenga adui wake, kama ufunguo ulivyotengenezewa kufuli lake. Maabara inapochunguza damu ya kondoo, kwa kawaida haivitafuti virusi vyenyewe, kwa kuwa vimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu na huwa vichache sana. Huzitafuta kingamwili, ambazo ni nyingi na huelea katika majimaji ya manjano yanayobaki damu inapoganda. Kipimo kinachotumika zaidi huitwa ELISA. Majimaji hayo hutiwa katika visima vidogo vilivyopakwa vipande vya virusi. Kingamwili zikiwapo hunata, na dawa inayoongezwa hubadilika rangi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kingamwili zinavyohesabiwa kuwa nyingi. Baadhi ya maabara hutumia pia maziwa badala ya damu.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Kingamwili hazina maana ileile katika kila ugonjwa. Mfugaji wa Kenya au Tanzania anaijua Homa ya Bonde la Ufa. Kondoo aliyeugua homa hiyo akapona hubaki na kingamwili kwa muda mrefu, nazo ni alama kwamba alipambana na virusi akavishinda. Aliyechanjwa naye huwa nazo. Katika maedi-visna hali ni tofauti. Virusi hivi hujiingiza katika maumbile ya chembe za mwili na kubaki humo maisha yote, na kingamwili haziwezi kuvifukuza. Na kwa kuwa hakuna chanjo, hakuna njia nyingine ya kondoo mkubwa kutengeneza kingamwili hizo isipokuwa kuambukizwa. Kwa hiyo kondoo mkubwa mwenye matokeo chanya yaliyothibitishwa ni kondoo anayebeba virusi, na ataendelea kuvibeba hata akiwa mnene, mwenye manyoya mazuri na maziwa tele.

Wasomaji wengi wameshaikuta hoja hii mahali pengine, kwa sababu kipimo cha kawaida cha VVU kwa binadamu hufuata msingi huohuo. Ulinganifu huo si wa bahati tu, kwani virusi vya maedi-visna na VVU ni wa ukoo mmoja. Hata hivyo, undugu wa virusi haumaanishi kwamba kondoo humwambukiza mtu. Hakuna ushahidi kwamba virusi vya maedi-visna huambukiza binadamu, iwe kwa maziwa, nyama, damu au kuishi karibu na mifugo. Wala kondoo hana VVU. Anayesikia uvumi wa namna hiyo shambani anaweza kuukanusha bila wasiwasi.

4. Nyakati ambazo kipimo kimoja hakitoshi

Matokeo ya maabara hueleza hali ya damu ya siku ile tu. Kuna nyakati tatu ambazo huweza kupotosha.

Kwanza, baada ya maambukizi mapya. Mwili wa kondoo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, kabla ya kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Katika kipindi hicho, ambacho wahudumu wa afya hukiita kipindi cha dirisha, kondoo ana virusi lakini matokeo yake ni hasi. Ndiyo sababu kundi hupimwa tena na tena.

Pili, utotoni. Mwanakondoo hupata kingamwili za mama kupitia dang'a. Akipimwa mapema huweza kuonekana chanya ilhali kingamwili zile si zake. Vivyo hivyo, mtoto mchanga wa mama mwenye VVU huweza kubeba kingamwili za mama yake hadi miezi 18 bila kuwa ameambukizwa. Kwa mwanakondoo, kingamwili za mama huisha kwa kawaida kabla ya kufikisha miezi 6. Kwa hiyo kipimo husubiri umri huo.

Tatu, karibu na kuzaa. Kondoo anapokaribia kuzaa, kingamwili nyingi huhama kutoka katika damu na kwenda katika dang'a. Damu iliyotolewa siku hizo huweza kuonyesha kiwango cha chini kuliko hali halisi. Ni bora daktari apange siku nyingine.

5. Hesabu ya matokeo

Hakuna kipimo kisichokosea kamwe. Ili kuelewa athari ya makosa madogo, ichukuliwe kwa mfano wa somo hili kwamba kipimo hutambua kondoo 95 kati ya 100 walioambukizwa, na huwaachilia kwa usahihi 99 kati ya 100 wasioambukizwa.

Kundi la kwanza lina kondoo 200, na 60 wameambukizwa. Kipimo kitawapata 57 na kuwakosa 3. Kati ya 140 wasioambukizwa, mmoja hivi ataonekana chanya kimakosa. Karibu kila chanya katika orodha hii ni ya kweli, lakini wale 3 waliokoswa wataendelea kuwaambukiza wenzao.

Kundi la pili pia lina kondoo 200, lakini walioambukizwa ni 2 tu. Yaelekea kipimo kitawapata wote wawili. Hata hivyo, kati ya 198 wasioambukizwa, 2 hivi wataonekana chanya kimakosa. Orodha ina chanya 4, na nusu yao si za kweli.

Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni kundi. Funzo la kwanza ni kwamba katika kundi lenye ugonjwa mwingi, matokeo hasi yasiaminiwe upesi. Funzo la pili ni kwamba katika kundi lililokaribia kuwa safi, matokeo chanya yathibitishwe kwa kipimo cha pili kabla ya kondoo kuchinjwa. Ni kwa sababu hii daktari huweza kumtoa damu tena kondoo ambaye jibu lake limekwisha kuja, na kufanya hivyo si kupoteza muda.

6. Hereni, sindano na chupa

Maabara haimjui kondoo. Huijua namba iliyoandikwa kwenye chupa. Ichukuliwe kwamba kondoo mwenye hereni namba 114 ameambukizwa, naye mwenye namba 141 ni mzima, na chupa zao zimebadilishana. Siku ya matokeo, 141 ataondolewa bila kosa, na 114 atarudishwa miongoni mwa wazima akiwa na cheti cha uzima. Msimu ukipita, wanakondoo wake na majirani zake bandani watakuwa wameambukizwa, na hakuna atakayejua ugonjwa ulirudi kwa njia gani. Hakuna mashine ya maabara iwezayo kulisahihisha kosa hilo.

Kwa hiyo anayesaidia kutoa damu azingatie haya:
- Namba ya hereni isomwe kwa sauti kabla ya sindano kuingia, na mwandishi airudie kwa sauti.
- Namba iandikwe kwenye chupa papo hapo, isiachwe kukumbukwa baadaye.
- Kondoo aliyepoteza hereni awekwe kando mpaka atambuliwe. Asikadiriwe kwa sura.
- Kila kondoo apate sindano yake mpya, na sindano iliyotumika itiwe katika chombo kigumu kilichotengwa kwa kazi hiyo.
- Chupa zihifadhiwe mahali pa baridi, lakini damu isigandishwe kwa barafu wala isiachwe ndani ya gari juani.

Mfanyakazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kuomba namba irudiwe. Kuuliza mara ya pili ni sehemu ya kazi.

7. Baada ya matokeo

Shamba lenye kondoo wachache walioambukizwa huweza kuwaondoa wote mara moja. Shamba lenye wengi huwagawa katika makundi mawili, kwa kuwa kuwaondoa wote kungelimaliza kundi la kukamuliwa. Wazima hukaa banda lao, wakiwa na vyombo vyao vya maji na chakula, mbali na walioambukizwa kwa umbali ambao daktari ataelekeza. Kazi zote huanza kwa wazima na kuishia kwa walioambukizwa: kulisha, kukata kwato na kukamua. Vikombe vya mashine ya kukamulia husafishwa kabla ya zamu inayofuata.

Wakati wa kuzaa ndio wenye mtihani mkubwa. Mwanakondoo wa mama aliyeambukizwa hutengwa mara tu anapozaliwa, kabla hajanyonya. Hata hivyo ni lazima apate dang'a mapema, la sivyo atakosa kinga dhidi ya magonjwa mengine na huenda akafa. Hupewa dang'a ya mama aliyepimwa akawa mzima, au dang'a iliyotiwa moto wa nyuzi 56 za Selsiasi (nyuzi 133 za Farenhaiti) kwa dakika 60. Moto ukizidi, dang'a huganda na kingamwili zake huharibika. Ukipungua, virusi hubaki. Kipimajoto hutumika, si kidole. Mnyonyo mmoja usioonekana, usiku ambao zamu imeachwa wazi, unatosha kuharibu kazi hiyo.

Kundi la wazima hupimwa tena kila baada ya miezi kadhaa, na kila chanya mpya huondolewa. Ni baada ya vipimo viwili au zaidi mfululizo visivyo na chanya ndipo shamba huanza kujiona limesafika. Kondoo mpya anayenunuliwa hutengwa na kupimwa kwanza, hata akiwa wa bei kubwa na mwenye sura ya afya. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza mwaka 2012 kwamba kondoo wenye aina fulani ya jeni iitwayo TMEM154 huambukizwa kwa urahisi kuliko wengine, na baadhi ya wafugaji huzingatia hilo wanapochagua madume. Uteuzi huo husaidia, lakini hauchukui nafasi ya kupima.

8. Afya ya wafanyakazi na familia

Maedi-visna haimpati binadamu, lakini shamba la kondoo lina vijidudu vingine vinavyompata. Kundi kuwa hasi katika kipimo hiki hakumaanishi kwamba maziwa yake ni salama kunywewa mabichi. Maziwa mabichi huweza kubeba listeria, salmonela, kampilobakta na vijidudu vya homa ya Q. Maziwa ya kunywa nyumbani yachemshwe, au yatiwe moto wa nyuzi 63 za Selsiasi (nyuzi 145 za Farenhaiti) kwa dakika 30.

Mama mjamzito asisaidie kuzalisha kondoo, wala asishike kondo la nyuma au nguo zenye majimaji ya uzazi wa kondoo, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vinavyowatoa kondoo mimba huweza kumdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Mwenye kazi hiyo avae glavu, na nguo za zizini zisiingizwe ndani ya nyumba. Anayepata homa kali, kikohozi au malengelenge mikononi baada ya msimu wa kuzaa amwambie daktari kwamba anafanya kazi na kondoo, hata kama hakuulizwa. Akihitaji mkalimani wa Kiswahili, aombe mapema anapoweka miadi.

9. Maswali ya kujipima

Swali: Kondoo wa miaka 4 ana matokeo chanya yaliyothibitishwa, naye ni mnene na anatoa maziwa vizuri. Je, amepona?
Jibu: Hapana. Anabeba virusi maisha yake yote na anaweza kuwaambukiza wengine.

Swali: Mwanakondoo wa miezi 2 ameonekana chanya. Je, aondolewe?
Jibu: Si kwa kipimo hicho pekee. Huenda kingamwili ni za mama. Atengwe na apimwe tena akishapita miezi 6.

Swali: Kundi zima limekuwa hasi mara moja. Je, kazi imekwisha?
Jibu: Bado. Huenda yupo aliye katika kipindi cha dirisha. Kipimo kirudiwe kwa ratiba ya daktari.

Swali: Aliyemkamua kondoo mwenye matokeo chanya akapime VVU kwa sababu hiyo?
Jibu: Hakuna haja hiyo. Virusi vya kondoo si VVU. Kupima VVU ni jambo jema kwa sababu zake nyingine.

Somo hili halichukui nafasi ya ushauri wa daktari wa mifugo kuhusu kundi, wala wa daktari wa binadamu kuhusu mgonjwa.